Maji Hayajabatizwa

Mama mkwe wangu alikuwa na ugomvi na mto, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa wivu. Maji yalipita chini ya nyumba yetu kila siku yakienda kwao, naye akabaki ukingoni, mikono imejaa unga wa sago, akiyatazama yanavyomwacha.

"Haya nendeni," aliyaambia. "Nendeni, ninyi hamuulizwi na askari. Msalimieni kaka yangu." Kisha alitoa ganda la popoo aliyokuwa akitafuna, akaliweka juu ya maji taratibu, akalisindikiza kwa macho mpaka lilipozunguka mwamba na kupotea.

Mto wetu unaanza milimani huku juu, upande wa Papua Nyugini, unapita kijijini kwetu, unaingia Indonesia bila kumwomba mtu ruhusa, na huko ndiko unakokutana na bahari. Serikali ya huku imeupa jina. Serikali ya kule imeupa jina lake jingine. Kila moja imeridhika na jina moja kwa mto mzima, kuanzia chemchemi hadi chumvi, na mimi huwa nawahurumia. Kwetu kila kipande, kutoka kona hii hadi kona ile, kina jina lake na wenyewe wake. Kipo Alipolala Kasuari, yule ndege wetu mkubwa asiyeruka. Kipo Mawe Yanayocheka. Kipo kimoja ambacho mabibi walikipa jina la aibu, na padri alipoelezwa maana yake alivaa kofia akaondoka. Mtoto akizaliwa huogeshwa katika kipande cha kwao, na mara nyingi jina la kipande ndilo humwangukia.

Mama mkwe alikuwa na jina la kipande cha kwao, kule chini, ng'ambo ya mpaka. Wenzake walimwita hivyo ujanani. Mimi nilimwita Mama, na watu wengine walimwita Mama Rosina, kwa jina la binti yake, ambaye ni mke wangu. Kwetu mtu halitaji jina la mama mkwe wake. Halitaji hata kama jina hilo ni la mto, hata kama anaulizwa njia. Na mama mkwe naye halitaji la mkwewe. Ukiteleza ulimi, basi: huingii tena nyumbani mwake, huli tena kilichotoka mkononi mwake, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Yupo jirani yetu, Leonardus, aliyeangukiwa na nyoka kutoka darini akapiga kelele ya jina la mkwewe badala ya jina la Bwana Yesu. Mpaka leo anazunguka kwa kupitia matopeni ili asipite mbele ya ule mlango. Watu humcheka, lakini hakuna anayemwambia apite njia ya kawaida.

Mama Rosina alipanda huku juu mwaka wa kukimbia askari, wakati vijiji vya chini vilipotawanyika. Rosina alikuwa mchanga, amening'inizwa kichwani mwa mama yake ndani ya mfuko wa kamba. Baba mkwe, marehemu Bonefasius, alitangulia na panga. Walidhani wanakwenda kujificha mpaka mvua zipungue. Mama alikuwa amekwisha kuangusha mti wa sago, mti mnene, mzuri, na kazi ya kuliponda shina lake na kulisuuza litoe unga ilikuwa ianze siku ya pili yake. Hilo gogo alilisema maisha yake yote. Sisi tukilalamika kwamba unga umekuwa mchache, yeye anasema, "Ningekuwa na lile gogo langu." Mjukuu alikuwa amezaliwa, Bonefasius amezikwa, kanisa limejengwa na kuanguka na kujengwa tena, na yeye bado anahesabu gogo lile kuwa ni kazi aliyoiacha kidogo tu.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja na wote tulikijua: aoge kwao, ayanywe maji ya kipande chake kabla hajafa. Lakini kuna namna yake. Mtu aliyekaa mbali na maji yake hawezi kuyaingia hivi hivi. Maji yamekwisha kumsahau. Lazima mtu mwingine aingie kwanza, asimame, aliite jina lake, maji yajue ni nani anayekuja. Na huyo anayeita awe amekula mkononi mwake. Mwenyewe hawezi kujiita, maana kwetu hakuna anayelitaja jina lake mwenyewe. Ni kama kujisifu mbele ya kaburi. Ukiingia bila kuitwa unavimba miguu, halafu tumbo, halafu tunakuzika.

Huko chini alibakia mtu mmoja wa kumwita, kaka yake Agapitus. Siku moja mwindaji akapita kwetu na ujumbe wake. Agapitus anakohoa vibaya, na anasema, "Dada, kama unataka nikuite, njoo sasa wakati sauti bado ninayo."

Rosina alikuwa mzito, karibu kujifungua mtoto wetu wa pili baada ya Thekla, na mwanamke wa hali hiyo havuki mto. Shemeji zake Mama wakasema magoti yanawauma, ghafla, wote kwa pamoja. Nikabaki mimi.

"Wewe?" Mama akanitazama begani, kwa sababu usoni hatutazamani. "Baba Thekla, mimi na wewe porini? Nikipotea utaniitaje?"

"Nitapiga mluzi, Mama."

"Kama unaita mbwa."

"Mbwa wangu ninamheshimu."

Akacheka mpaka akashika mti. Ninataka mjue jambo hili: mama yangu mzazi alikufa nikiwa sijui hata kufunga kamba, na mtu wa kwanza aliyenipa chakula bila kunipimia alikuwa huyu. Nilipokuja kumchumbia Rosina, nimekonda, sina nguruwe wa maana wa mahari, alinipikia sago ndani ya mwanzi pamoja na funza wanono wa sago, akaniambia nile kwanza ndipo niseme shida yangu. Nilikuwa ninampenda. Sioni haya kulisema hilo.

Tukateremka. Yeye nyuma, mimi mbele, kama desturi. Kila tulipofika kona alitaja kipande kinachoanza, na sauti yake ilizidi kuwa nyepesi kadiri tulivyoshuka. Alinitania mwendo wangu. Alisema ninatembea kama mtu aliyekalia siafu. Nikikawia kusikia nyayo zake nilipiga mluzi, naye akajibu kwa kubweka.

Mpakani kuna kibanda cha askari wa Indonesia. Kijana mmoja, ametoka kisiwa cha mbali, joto limemchosha, akatusimamisha. Mama alikuwa bado anakumbuka lugha yao.

"Unaitwa nani, Mama?"

Mama akatazama vilele vya miti.

Kijana akanigeukia. "Huyu nani yako?"

"Mama mkwe."

"Anaitwa nani?"

Nikavitazama vidole vya miguu yangu.

"Humjui jina mama mkwe wako?"

"Ninalijua."

"Basi liseme."

"Siwezi."

"Ni siri?"

"Siyo siri, afande. Kila mtu analijua."

"Mnakwenda wapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu mahali tulikokuwa tunakwenda na jina la Mama ni kitu kilekile. Mama akasema, "Kwa kaka yangu." Kijana akauliza kaka anakaa wapi. Mama akarudi kwenye vilele vya miti. Akaanza kuona kuna njama hapa, akamwita mkubwa wake, akaja sajini wa watu, mtoto wa pwani ya hukohuko Papua, akitafuna popoo. Alisikiliza, akacheka, akatema mate mekundu pembeni.

"Waache wapite," alisema. "Hawa ukiwauliza majina tutakaa hapa mpaka Krismasi. Mama, una popoo nzuri huko juu?" Mama akampa kichala kizima, tukapita.

Kisha tukafika, na palikuwa sipo. Siwezi kulisema vingine. Msitu wa sago haukuwepo. Ilikuwapo michikichi, mistari na mistari, yote urefu mmoja, kivuli chake hakina hata ndege. Juu ya mto kulikuwa na daraja la zege na kibao chenye namba. Kando ya daraja mwanamke wa Kijava, Bi Sumarni, alikuwa na kibanda cha kukaanga ndizi. Mama alisimama katikati ya ile michikichi akigeuka huku na huku, akitafuta kitu chini.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Gogo langu," akasema. Halafu akajisikia alichokisema, akaacha kutafuta.

Bi Sumarni ndiye aliyetupa habari. Alitukalisha, akatupa chai, ndipo akasema. "Mzee Agapitus tumemzika wiki iliyopita. Alikuwa akisema dada yake anakuja. Kila siku alikuwa akishuka pale kwenye maji kukaa. Mimi nilimpelekea uji, lakini kifua kilikuwa kimekwisha."

"Na watoto wake?" niliuliza.

"Wamehamia Jayapura. Hakuna mtu wa zamani hapa, Baba. Sisi wote ni wa kuja."

Mama hakulia palepale. Alifungua mfuko wake akatoa sago iliyochomwa, akammegea Bi Sumarni kwa mkono wake mwenyewe, kumshukuru kwa uji aliompa kaka yake. Bi Sumarni akala. Nikaona mwanga. Sasa huyu mwanamke amekula mkononi mwake! Anaweza kumwita!

Nikamweleza, kwa ile lugha yao ninayoijua nusu, na kwa mikono. Aingie majini, aite jina, basi. Bi Sumarni alikuwa mtu wa moyo mzuri, akavua kandambili palepale.

"Haya. Jina gani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mama akatazama daraja.

"Jina gani, jamani? Nimeshalowa."

Mama akatoa kadi yake ya kliniki. Bi Sumarni akaisoma kwa shida, akasimama majini mpaka magotini, akaliita kwa nguvu zake zote jina lililoandikwa pale, jina la mtakatifu wa watu, mpaka mwendesha lori darajani akapunguza mwendo.

Mama akatikisa kichwa. "Hilo ni la kanisa, dada yangu. Asante. Maji hayajabatizwa."

Bi Sumarni akarudi kwenye ndizi zake, anatuonea huruma na haelewi. Mama akakaa ukingoni. Maji ya pale ni meusi na mapole, yanateleza juu ya mawe bapa bila sauti. Nilikuwa nimeyasikia yakisimuliwa tangu siku niliyooa, na yalikuwa kama alivyoyasimulia, michikichi haikuyafikia. Aliyatazama muda mrefu. Mara moja alinyoosha mguu, kidole gumba kikakaribia kabisa kugusa, akaurudisha akaukunja chini ya gauni lake. Alifanya hivyo kama mtoto anayejua atapigwa. Ndipo alipolia, bila kelele, pua inatiririka, hafuti.

"Basi," akasema. "Nimeyaona. Twende zetu, Baba Thekla. Rosina atakuwa amejifungua."

Niliona uchungu ambao sikuwahi kuuona hata tulipomzika Bonefasius. Kiu yote ile, miaka yote ile ya maganda ya popoo, halafu anyanyuke aondoke na koo kavu? Nilimfikiria Leonardus akizunguka matopeni. Nilifikiria sago ya mwanzi, na mlango wake, na utani wake nyuma yangu njiani. Nilijua ninachokwenda kupoteza, na hakuna nguruwe anayelipia kosa hilo. Lakini mtu aliyekula mkononi mwake, anayelijua jina, na mwenye ulimi wa kulitamka alikuwa mmoja tu pale duniani.

Nikaingia majini mpaka kiunoni, nimempa mgongo, maana usoni nisingeweza.

"Baba Thekla, unafanya nini?" Sauti yake ilikuwa ya hofu. "Toka. Toka huko!"

Nikaliita. Mara ya kwanza lilikwama, likatoka kama kikohozi. Nikaliita tena, likatoka zima, likapiga chini ya daraja likarudi. Sijawahi kuhisi mdomo wangu ukiwa uchi kama siku ile.

Niliufunika uso wangu kwa mikono. Kisha nikasikia maji yakivunjika, mtu anaingia, polepole, halafu anaingia mzima mzima na gauni lake, anazama, anaibuka, anameza maji kwa mafundo na kukohoa na kucheka. Nikaanza kutembea kuelekea ng'ambo nyingine. Ndiyo adabu iliyokuwa imebaki: nitoke upande wa pili, nirudi kwetu peke yangu kwa njia nyingine.

Ndipo akaliita jina langu.

Langu mimi, la kipande cha huku juu nilikoogeshwa. Hakuwa amelitaja tangu nilipoleta mahari. Aliliita kwa sauti kubwa, herufi zote, hakumeza hata moja, akiwa na maji shingoni. Nikageuka. Tukatazamana usoni, mimi na mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Sikuwa ninalijua.

"Sasa tumeharibu wote wawili," akasema. "Hakuna tena wa kumwonea haya mwenzake. Njoo ule."

Nikala mkononi mwake, palepale ukingoni, sago imelowa maji yake.

Siku iliyofuata nilifunga mfuko wangu. Wake ulikuwa bado umetundikwa katika nyumba ya Agapitus, ambayo paa lake lilikuwa limeanza kuoza upande mmoja.

"Mama, jua linapanda."

"Linapanda, ndiyo. Nenda nalo."

"Na wewe?"

Alikuwa anachokonoa moto. "Nikipanda huko juu, kesho yake nitakuwa nimekaa tena pale ukingoni nayatazama yanavyokwenda. Nimetamani vya kutosha, mwanangu. Sina tena nguvu ya kutamani."

"Rosina ataniuliza."

"Mwambie nimefika."

"Atalia."

"Na alie. Mimi nitamlilia yeye huku, haki sawa." Akanipa mwanzi wa sago wa njiani. Halafu akasema, kama anayenituma chumvi, "Akizaliwa msichana, mpe jina langu."

"Mama! Jina la huku chini, aogeshwe nalo kule juu? Na mimi baba yake, nitamwitaje mwanangu?"

"Si tumeshalipana? Hakuna mkwe mwingine kwenye mto huu anayeweza kulitaja. Basi litaje mpaka uchoke."

Nilipanda peke yangu. Mahali fulani katikati ya safari nilijikuta nimesimama nimepiga mluzi, nikangoja, hakuna aliyebweka. Nililia hapo, mtu mzima na panga lake.

Rosina alikuwa amejifungua. Alitazama nyuma yangu njiani, akatazama tena, akaelewa. Hakunisemesha mpaka kitovu cha mtoto kilipoanguka, na sikumlaumu. Tulipompeleka mtoto majini, nikasimama mbele ya watu wote nikalitamka lile jina, shemeji wa Mama wakashika vichwa, Leonardus akakaa chini. Ikabidi nieleze hadithi yote tangu mwanzo, na wapo ambao hadi leo wanasema nimeongopa.

Wapita njia huleta habari. Kwamba anasaidia kukaanga ndizi. Kwamba amepanda mche wa sago kati ya michikichi, mwenye shamba ameung'oa, yeye akapanda mwingine. Msimu huu hakuna aliyepita. Rosina huweka ganda la popoo juu ya maji, analisindikiza kwa macho kama alivyofanya mama yake, na mimi nikimwona huondoka nikatafuta kazi ya kufanya. Mto unapeleka tu. Haujawahi kuturudishia kitu.

Binti yetu sasa ni mkubwa wa kutosha kunikaidi, na hatoki majini. Nikisimama pale juu kumwita aje kula, Rosina hunicheka, anasema mtoto yuko hapo hapo na siyo kiziwi, kwa nini ninapaza sauti namna hiyo, kwa nini ninageukia huko maji yanakokwenda. Ninajaza kifua, ninaita:

"Yuwela! Yuwela ee! Njoo nyumbani!"